Ngata ya Akeyo

Akeyo hageuzi shingo. Ukimwita kutoka nyuma anageuka mzima mzima kuanzia miguuni, kama lori linalotafuta pa kugeuzia. Siku ya kwanza kumwona nilidhani anaringa, na mimi kitu kikinikaa rohoni lazima nikiulize, kwa hiyo nikamuuliza.

"We dada, mbona unaringa?"

"Shingo ni ya beseni," akanijibu bila kucheka. "Mimi nimebakiziwa macho tu."

Kisha akayazungusha hayo macho chini ya beseni mpaka nikacheka peke yangu.

Hiyo ilikuwa pale kwa Mama Paskazia, nyuma ya viwanda vya samaki, Igogo. Kwetu ni juu kidogo, katikati ya mawe, na mama alikuwa amenituma mapanki ya mboga. Kama hujui mapanki, nikueleze: sangara akiingia kiwandani anakatwa minofu, minofu inalazwa kwenye barafu na kusafiri kwenda Ulaya. Kinachobaki, yaani kichwa, mifupa na mkia vikiwa bado vimeshikana, ndiyo panki. Wazungu wanakula katikati, sisi tunakula kandokando. Na nisiseme uongo, kichwa cha sangara kikichemshwa na ndimu ni kitamu kuliko ninavyoweza kuandika. Baba anasema zamani viwanda hivi havikuwepo. Siku hizi mambo ni ruksa, kila ukipita ufukweni unakuta kiwanda kipya kimeota, na nyuma ya kila kiwanda vimeota vichanja vya mapanki, na kwenye vichanja wameota watoto.

Hao watoto ndio wanaobeba kutoka getini, wanaoanika, wanaogeuza, wanaofukuza kunguru na wanaochochea moto chini ya pipa la mafuta ya kukaangia. Ukiwauliza wanafanya nini pale, kila mmoja anakwambia, "Namsaidia mama." Nilivyokuwa mjinga, nilidhani Igogo kuna kina mama waliojaliwa uzazi kweli kweli.

Akeyo alikuwa akimsaidia Mama Paskazia. Mama Paskazia hana mtoto. Paskazia ni jina lake mwenyewe. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka barabara, na akicheka anakupiga begani mpaka unahama ulipokuwa umesimama. Watoto wanaomfanyia kazi wanakula wanashiba, hilo sitamnyima. Ila kutwa nzima hakuna anayekaa chini.

Basi nikawa nakwenda pale hata bila kutumwa, kumuuliza Akeyo maswali. Yeye anageuza samaki, mimi nauliza. Ndivyo nilivyoyapata maisha yake, kipande kwa kipande.

Kwao ni upande wa Mara, kijiji cha Wajaluo kando ya ziwa. Baba yake, Mzee Ojuok, ni mvuvi wa nyavu, na mama yake analima mtama na muhogo. Akeyo ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mavuno. Ndugu zake ni wengi, na kila mmoja ana kazi yake, ila kazi za nyumbani kwao, anasema, zilikuwa na kucheza ndani yake. Unachunga mbuzi, unaogelea, unarudi kuchunga.

Mama Paskazia ni mtu wa kijiji hicho hicho, aliyeolewa Mwanza kisha akafiwa na mumewe. Alirudi nyumbani kwenye msiba akiwa na begi limejaa nguo za mitumba na mikate ya mjini, na msiba ulipokwisha akamwambia Mzee Ojuok, "Nipe mmoja nikamsomeshe Mwanza." Hakusema yupi.

"Nilijichagulisha mwenyewe," Akeyo alinisimulia. "Walisema nani atambebea begi mpaka stendi. Nikalitwika, nikaenda nalo njia nzima sijalishika hata kwa kidole. Nilikuwa najionyesha tu, Gladi! Mama Paskazia akasema, 'Huyu huyu.'"

Pale stendi Mama Paskazia alimnunulia sketi ya bluu ya shule, ya mtumba, kubwa kiasi kwamba wangeweza kuivaa Akeyo wawili. Akaambiwa aitunze. Akapanda basi ameikumbatia.

Kufika Mwanza, shule ikawa na sharti.

Sharti lenyewe hata mimi nililipitia, na wewe unayesoma huenda ulilipitia. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anapimwa kwa sikio. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikilishika sikio la kushoto, umri wako wa kuanza shule umefika. Visipofika, unarudi nyumbani ukakue. Mimi nililishika siku ya kwanza, nikalivuta kwa furaha mpaka mwalimu akaniambia niliachie, bado nitalihitaji.

Akeyo alipimwa na Mama Paskazia, pale pale kwenye vichanja, asubuhi ya Januari, kazi ikiwa imepamba moto. "Pima!" Akeyo akapitisha mkono. "Bado," akasema Mama Paskazia. Januari iliyofuata, "Pima!" Bado. Na iliyofuata. Watu wote wanasimama kidogo kutazama, wanacheka, wanarudi kazini. Na Mama Paskazia alimpa na onyo: asijipime mwenyewe katikati ya mwaka, maana mkono ukichunguliwachunguliwa unagoma kurefuka.

"Na wewe ukaamini?" nikamuuliza.

"Wewe ungefanyaje? Mkono ni wangu. Ningeuharibu nipate wapi mwingine?"

Hakujipima. Ila alitafuta dawa. Nyuma ya vichanja kuna mpera, na kila alfajiri kabla ya geti la kiwanda kufunguliwa, Akeyo alikuwa akining'inia kwenye tawi kwa mkono wa kulia ili urefuke. Masalu, kijana wa mkokoteni, ndiye aliyemfumania. Masalu ni Msukuma anayesukuma mkokoteni. Utani huo ameshausikia, usimwambie tena.

"We mapanki, unajianika?" akamuuliza.

"Narefusha mkono niende shule."

"Shure?" Masalu akalitamka hivyo hivyo. "Basi ning'inia na wa kushoto, usije ukaanza darasa la kwanza ukiwa kombo."

Hiyo ndiyo hali niliyomkuta nayo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza nasubiri kuanza cha pili, na nilikuwa naulizia mambo ya dunia nzima, lakini jambo moja lililokuwa mbele ya macho yangu sikuliuliza. Ngata.

Ngata ni ule mviringo wa kitambaa unaowekwa kichwani chini ya mzigo. Ya Akeyo ilikuwa kipande cha kitenge kikuukuu kilichosokotwa kikawa kinene kama chapati tano, na juu yake alizungushia kilemba ili isianguke. Hakuivua. Mabeseni yanafuatana, na ukiiweka chini inalowa maji ya samaki au inapotea. Ukimfikiria Akeyo unaifikiria na ngata, kama unavyomfikiria jogoo na kilemba chake.

Jumapili moja, Januari ya mwaka huu, watu wametoka kanisani, nilishuka ziwani kufua. Nikamkuta Akeyo kwenye mawe anaosha nywele. Mama Paskazia alikuwa amekwenda harusini, kwa hiyo ilikuwa sikukuu ya vichanja vyote. Ngata ilikuwa juu ya jiwe, imewekewa kokoto isipeperuke. Mkono wa kushoto alishika kopo, wa kulia anasugua, povu limemshuka mpaka usoni, macho ameyafumba, anaimba wimbo wa kwao. Mara akaacha kuimba.

"Gladi."

"Eeh."

"Hapa nilipokamata ni wapi?"

Nikatazama. "Ni sikio."

"La kwangu?"

"Sasa la nani?"

"La upande gani?"

"La kushoto."

"Na mkono?"

Hapo ndipo nikasimama na shati la baba linachuruzika maji. "Wa kulia, Akeyo."

Hakuliachia. Povu linateremka shingoni, yeye amelishika tu. "Lakini aliniambia nisijipime," akasema polepole.

"Hujajipima. Umejiosha."

Akajimwagia maji, akafungua macho, akaitazama ngata pale juu ya jiwe. Akaichukua, akaiweka kichwani, akapitisha mkono. Vidole viliishia kwenye nywele. Akaivua, akapitisha. Sikio. Akaivaa. Nywele. Akaivua. Sikio. Akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu yeye akaacha ghafla kama redio iliyoishiwa betri.

"Anajua?"

"Nani?"

"Yeye. Anajua kwamba ni ngata?"



Kesho yake uandikishaji ulikuwa unaanza katika shule ya msingi ya pale juu ya barabara. Shule yetu ilikuwa bado kufunguliwa, nikawahi vichanjani kama mtu anayewahi mpira. Akeyo alikuwa ameshashusha beseni la kwanza. Akaenda moja kwa moja mbele ya Mama Paskazia.

"Shikamoo mama. Leo naomba unipime."

"Marahaba! Umekumbuka mwenyewe?" Mama Paskazia akawageukia wengine. "Njooni muone, mwanafunzi amekuja. Haya, pima!"

Akeyo akafungua kilemba. Akaitoa ngata, akampa Masalu ashike. Kichwa chake kilionekana kidogo, sijui kwa nini nilikionea huruma. Akapitisha mkono, akalishika sikio, akalishika lote.

Watu waliacha kugeuza samaki. Mafuta kwenye pipa yakawa ndiyo yanayoongea.

"Nani kakufundisha kuvua ngata kazini?" akauliza Mama Paskazia.

"Mama, mkono umefika."

"Vaa kwanza. Mtu anapimwa alivyo. Wewe ulivyo ndiyo una ngata. Mbona mimi nikipimwa uzito sivui makalio?"

Baadhi wakacheka, maana jamani ilichekesha. Akeyo hakucheka. Mama Paskazia akampiga begani, taratibu kuliko kawaida yake. "Wewe mtoto, mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe nilipoanikwa jua hili hili pamoja na dagaa. Hakuna aliyenipima sikio wala pua. Mbona nimekauka vizuri? Twika hilo beseni umpelekee mama ntilie wa kule juu, anasubiri."

Akeyo akasokota ngata yake, akaiweka, akatwika beseni. Kabla ya kuondoka aliingia ndani kidogo, akatoka na kitu cha bluu kwapani. Mimi nikamfuata.

Kwa mama ntilie ni kushoto. Akeyo hakwenda kushoto. Alinyoosha, shingo wima, mapanki yanamdondokea maji mgongoni, nami nyuma yake nauliza, "Unakwenda wapi? Akeyo, unakwenda wapi?" Naye hageuki, maana hawezi kugeuka. Kwenye kona ya uzio wa shule akaivaa sketi ya bluu juu ya gauni lake, beseni likiwa kichwani vile vile. Jaribu wewe kuvaa sketi na beseni kichwani, halafu uniambie. Sketi ilimkaa kiunoni bila mkanda. Hapo nikajua amekua kiasi gani.

Foleni ilikuwa imejipanga kwenye baraza ya ofisi, wazazi na vitoto vyao vimepakwa mafuta vinang'aa. Tulipofika, wengine walifunika pua. Kitoto kimoja kikasema kwa sauti, "Mama, mbona shule inanuka samaki?" Mama yake akakifinya.

Mwalimu Kashindye alikuwa mezani, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mboga hatuchukui leo, mwanangu. Leo tunaandikisha."

"Nimekuja kuandikishwa."

Mwalimu akavua miwani, akaivaa tena. "Jina?"

"Akeyo Ojuok."

"Umezaliwa lini?"

"Wakati wa mavuno."

"Mavuno ya mwaka gani?"

"Ya mtama."

Foleni nzima ikacheka, na mwalimu mwenyewe akajikuna kidevu kuficha meno. "Haya. Tua beseni. Vua na hiyo ngata. Shika sikio."

Akeyo akashika. Sikujua kwamba furaha ya mtu inaweza kuonekana kwenye kiwiko, lakini niliiona. Mwalimu Kashindye akainuka, akauzunguka ule mkono, na uso wake ukabadilika.

"Shusha vidole tuone vinaishia wapi." Vidole vikateremka, vikapita sikio, vikafika kwenye taya. "Mwanangu, huu mkono umepitiliza. Tukiuachia utafika Buswelu. Darasa la kwanza ni la hawa wadogo. Ungekuja miaka ile."

"Miaka ile nilikuwa na ngata," akasema Akeyo.

"Sijakuelewa."

Akeyo hakuwa na maneno mengi ya kueleza. Akaiokota ngata. Akaikunjua, akapunguza mizunguko, akaisokota upya ikawa nyembamba. Akaiweka kichwani, akapima: nywele. Akaivua, akapunguza tena, akaiweka, akapitisha mkono. Vidole vikatua juu ya sikio, kamili, kama mtu aliyekuwa akitafuta mlango akaupata.

"Sasa hivi mkono haujapitiliza," akasema. "Hiyo iliyozidi, mwalimu, ni miaka ya mapanki. Naomba unihesabie ya shule tu."

Safari hii hakuna aliyecheka, mpaka Mwalimu Kashindye alipoanza yeye. Alicheka akashika meza. Alicheka mpaka ule uzi wa miwani ukachomoka. Halafu akawa anafuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

"Nani mzazi wako hapa Mwanza?"

Jibu lilikuja kutoka getini, kwa ile sauti ya kuvuka barabara. "Akeyo! Beseni langu liko wapi?" Mama Paskazia alikuwa anapanda huku anahema, kanga imemfunguka, Masalu nyuma yake na mkokoteni mtupu. Mama ntilie alikuwa ametuma mtu kuulizia samaki.

Mwalimu akamsalimu vizuri tu. "Karibu, mama. Huyu ni nani kwako?"

Nilimwona Mama Paskazia akitazama foleni. Pale barazani kulikuwa na wateja wake, na watu anaosali nao. Wote wamewahi kumsikia akisema lile neno lake la kusomesha mtoto, na kama angelikana mbele yao angelazimika kusema Akeyo ni nani basi.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Nimemchukua kwao nimsomeshe."

"Hongera sana, mama. Na leo umemleta. Weka sahihi hapa kama mzazi. Masomo ni asubuhi mpaka mchana, na mtoto asiyekuja nitamfuata nyumbani kwa mzazi wake mwenyewe, kwa miguu yangu. Napafahamu kwako, huwa nanunua."

Mama Paskazia akaishika kalamu kama mtu aliyeshika samaki aliye hai. Akasaini. Kisha akamwinamia Masalu, akanong'ona, ila yeye kunong'ona ni kama mimi kupiga kelele: "Sasa mapanki yangu atageuza nani asubuhi?"

"Utageuza mwenyewe, mama," akasema Masalu. "Mkono wako umefika sikioni zamani."

Hata yeye alicheka. Alimpiga Masalu begani, Masalu akahama.

Sasa Akeyo yuko darasa la kwanza, anakaa nyuma, mrefu kuliko wote. Darasani kwao madawati hayatoshi na wa nyuma wanakaa sakafuni. Yeye anakalia ngata. Vitoto vinamwita dada na vinamletea penseli avichongee. Mwalimu akiuliza jambo, vyote vinageuza vichwa kumtazama, naye akitaka kutazama dirishani anageuka mzima mzima. Ameshajifunza kuandika jina lake, na ameliandika kwa mkaa kwenye kila jiwe kati ya kwetu na ziwani.

Nisikudanganye kwamba vichanja vimekwisha. Akitoka shule anageuza samaki mpaka jua lizame, na siku nyingine macho yake ni mekundu kwa moshi hata herufi zinamkimbia. Mama Paskazia anamwita "msomi," na wakati mwingine nadhani anajivunia kweli. Lakini wiki iliyopita alirudi kutoka kwao na mtoto mwingine wa kumsaidia asubuhi, kadada kembamba kanaitwa Odeta, kamekumbatia sketi ya bluu.

Nilikuwepo. Akeyo alikatazama, akaenda mpaka kalipokuwa kamesimama, akakavua ngata kichwani.

"Pitisha mkono," akasema.

Kakapitisha. Vidole vikaishia kwenye utosi. Mama Paskazia akafungua mdomo, kisha akaufunga, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Wewe bado kweli," Akeyo akamwambia Odeta, akamrudishia ngata yake. "Ila Januari usikubali kupimwa na mtu. Nitakupima mimi."